Mzee kaanguka lakini hajavunjika: kabla hujamwambia akae atulie, pima haya

Fizio wa Zamu (#1)

Wakuu, uzi huu ni wa wenye mzee aliyeanguka mara moja au mbili, akainuka, na familia ikahitimisha kwamba "ni uzee tu". Kinachofuata huwa kilekile: asitoke, asipande ngazi, kila kitu aletewe alipokaa. Miezi michache baadaye anaanguka akitoka kitini kwenda chooni, na safari hii nyonga imekatika.

Kumkalisha ndiko kunakomwangusha. Kuna utafiti wa 2007 ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguuni. Hao hawakuwa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Katika ajali, ni barabara peke yake inayoua zaidi, na waliozidi miaka 60 ndio wengi katika hesabu hiyo.

Kuanguka kuna sababu, mara nyingi tatu au nne kwa pamoja, na nyingi zinapimika nyumbani. Unahitaji saa yenye sekunde, kiti na futi ya kupimia. Mtu mmoja asimame karibu na mzee muda wote, awe tayari kumdaka.

Jaribio la kwanza. Kiti chenye mikono, kikalio kiwe sm 46 hivi kutoka sakafuni. Pima mita 3 mbele yake, weka alama. Mzee akae ameegemea, avae viatu vyake vya kila siku, na kama ana mkongojo autumie. Ukisema "haya", asimame, atembee mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Ikifika sekunde 12 au kuzidi, yuko hatarini. Usikodolee saa tu. Tazama kama anajisukuma kwa mikono ili asimame, kama anageuka kwa vihatua vingi, kama anapapasa ukuta, kama anajibwaga kitini badala ya kukaa.

La pili ni la nguvu za mapaja. Kiti kisicho na mikono, sm 43, kimegota ukutani kisiteleze. Mikono ikunjwe kifuani. Hesabu mara ngapi anasimama wima kabisa na kukaa ndani ya sekunde 30. Akijisukuma kwa mikono hata mara moja, alama ni 0. Kwa miaka 65 hadi 69, mwanamume aliye chini ya 12 na mwanamke aliye chini ya 11 wamepungukiwa. Miaka 75 hadi 79, chini ya 11 na chini ya 10. Miaka 85 hadi 89, chini ya 8 kwa wote wawili.

La tatu ni mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba. Hatua nne, sekunde 10 kila moja, macho wazi, bila kushika kitu: nyayo zikiwa sambamba, kisha ubavu wa kidole gumba cha mguu mmoja ugusane na ubavu wa mguu wa pili, mmoja ukitangulia nusu, kisha kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, mstari mmoja, mwisho mguu mmoja. Asipoweza kumaliza sekunde 10 kwenye ile ya tatu, hapo pana tatizo. Ikimshinda ile ya mguu mmoja tu, msitishane.

Na kuna kipimo cha bure kabisa. Tembea naye, kisha muulize swali linalohitaji kufikiri. Akisimama kwanza ndipo ajibu, andika. Tangu 1997 inajulikana kwamba wanaosimama ili waongee huanguka zaidi. Kutembea kunamla akili yote, haibaki ya kuchungulia waya uliopita sakafuni.

---

Mdadisi wa Kona (#2)

Shukrani mkuu. Sasa mtu akipita majaribio yote matatu na bado anaanguka? Kuna wazee wanatembea vizuri mchana kutwa, wanaanguka wakiamka tu.

---

Nesi wa Usiku (#3)

Mdadisi, huyo unayemwelezea mpime presha ya kusimama. Ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote, maana kliniki nyingi hupima mtu akiwa amekaa, basi.

Alale chali dakika 5, ametulia, pima. Asimame. Pima tena dakika ya 1, halafu dakika ya 3 akiwa bado amesimama. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, au akisikia kizunguzungu hata namba zisiposhuka sana, umepata mwizi. Fanya hivyo asubuhi kabla ya chai, kwa sababu presha hushuka vibaya zaidi asubuhi na baada ya kula. Jaribio la saa 9 alasiri linaweza kukudanganya.

Makosa ya kawaida: kufunga mkanda wa mashine juu ya nguo nzito, mkono kuning'inia badala ya kuegemezwa usawa wa moyo (ukining'inia, namba hupanda na kuficha mshuko), mzee kuongea wakati mashine inasoma, mkanda mdogo kwa mkono mnene. Na mashine ikigoma kusoma akiwa amesimama huku anayumba, mkalishe. Usirudie kubonyeza.

Ukishajua inashuka, kabla ya kufikia dawa kuna haya. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, akunje na kukunjua nyayo mara 20 hivi na kukaza mapaja, ndipo asimame huku ameshika kitu kisichosogea. Asimame hapohapo kwanza, ahesabu hadi 10, kichwa kikiwa chepesi akae tena. Maji yasipungue. Wazee wengi hujinyima maji makusudi ili wasiamke kwenda chooni, halafu wanaanguka kwa upungufu wa maji. Asiongezewe maji kiholela kama ana moyo kushindwa kazi au figo, hao wana kipimo walichopewa. Milo iwe midogo, mara nyingi zaidi. Baada ya mlo mkubwa wa wanga, presha ya baadhi ya wazee hushuka ndani ya saa 2, kwa hiyo wasiinuke ghafla mezani. Maji ya moto sana bafuni nayo hutanua mishipa na kushusha presha.

Akizimia kabisa bila dalili, au kuanguka kukitanguliwa na moyo kudunda ovyo au maumivu ya kifua, hayo si ya kupima nyumbani. Apelekwe apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

---

Mfamasia wa Dirishani (#4)

Naongezea pale Nesi alipoishia. Chukueni mfuko, tieni kila dawa anayotumia: za hospitali, za dukani, za macho, za asili, na zile za jirani. Mpelekeeni mfamasia au daktari mfuko mzima, si orodha. Orodha huwa imesahau dawa ya usingizi.

Zinazoangusha wazee zaidi, kwa mpangilio wangu:

Za usingizi na wasiwasi. Diazepam ni mbaya kwa mzee kwa sababu hukaa mwilini siku kadhaa. Ya jana haijaisha anameza ya leo. Zolpidem inatoka haraka zaidi, lakini anayeimeza ni mzee huyohuyo anayeamka saa 8 usiku kwenda kukojoa.

Amitriptyline. Hupewa kwa maumivu ya neva, inakausha mdomo, inashusha presha akisimama, inachanganya akili.

Za mafua na mzio za kizazi cha zamani: chlorpheniramine, promethazine, diphenhydramine. Hizi watu hununua bila cheti na hawazihesabu kuwa dawa.

Za tezi dume: tamsulosin, doxazosin, prazosin. Nazo hushusha presha akisimama, na wiki za kwanza ndizo hatari zaidi. Doxazosin na prazosin humezwa wakati wa kulala kwa sababu hiyo.

Za kukojoza. Furosemide ikimezwa jioni, usiku mzima ni safari za chooni gizani. Muulizeni aliyeiandika kama inaweza kuhamia asubuhi au mapema mchana.

Za maumivu makali: tramadol na ndugu zake. Na za kisukari zinazoshusha sukari sana, hasa glibenclamide na insulini: mzee akianguka ghafla huku anatoka jasho, pima sukari kabla ya kufikiria kitu kingine.

Sasa onyo, nalirudia kwa sauti. MSIZIKATISHE GHAFLA. Diazepam ya miaka ikisimamishwa siku moja inaweza kuleta degedege. Clonidine, dawa ya presha, ikikatwa presha inaruka juu hatari. Kupunguza kunapangwa na daktari, mara nyingi kwa wiki au miezi.

---

Mzee Kifua Mbele (#5)

Mnazunguka sana. Mpeni vitamini D na kalsiamu, mifupa ikaze, mchezo umeisha.

---

Mfamasia wa Dirishani (#6)

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima nakataa. Mfupa imara haumzuii mtu kuanguka. Unamsaidia asivunjike akianguka. Na kwa mzee anayeishi nyumbani asiye na upungufu, vidonge vya vitamini D havijaonyesha kuzuia kuanguka. Dozi kubwa ya mara moja ndiyo mbaya zaidi: utafiti wa Australia uliochapishwa 2010 uliwapa akina mama wa miaka 70 na kuendelea uniti 500,000 mara moja kwa mwaka, na waliopewa walianguka na kuvunjika ZAIDI ya wale waliopewa kidonge bandia. Mwenye upungufu uliopimwa, asiyetoka juani, huyo atibiwe kwa dozi ndogo za kila siku.

Ila kuna jambo umeligusa bila kulitaja. Mzee akivunjika kwa kuanguka kutoka urefu wa kusimama tu, iwe kifundo cha mkono, uti wa mgongo au nyonga, hiyo mifupa imeshadhoofika na inahitaji dawa yake, si plasta peke yake. Wengi hufungwa, wanapona, wanarudishwa nyumbani bila matibabu ya mifupa, kisha wanavunjika upande wa pili. Ya kawaida ni alendronate miligramu 70 mara moja kwa WIKI: asubuhi tumbo tupu, bilauri nzima ya maji matupu, kisha asilale wala asile kwa dakika 30. Akilala, kidonge huunguza koo la chakula. Kalsiamu isimezwe pamoja nayo, itazuia isifyonzwe.

---

Binti Mkubwa (#7)

Nashukuru sana. Swali la dharura: mzee yuko sakafuni sasa hivi, tunamwinuaje? Kila mtu hukimbilia kumshika kwapani.

---

Nesi wa Usiku (#8)

Dada, hapo kwapani ndipo penye hasara. Bega la mzee huchomoka kirahisi, na neva za mkono zinapita hapohapo. Pia ukimwinua mwenye nyonga iliyovunjika unasogeza mfupa.

Kwa hiyo usimwinue kwanza. Dakika 2 au 3 mwache alivyo, kaa chini usoni pake, muulize jina, wapi panauma, aligonga kichwa au la. Angalia miguu: mguu mmoja ukiwa mfupi na wayo umegeukia nje, ni nyonga, asiguswe, itwe gari la wagonjwa. Maumivu ya kinena akijaribu kusogeza mguu ni dalili ileile. Muwe macho, kuna nyonga zilizovunjika ambazo mtu bado anatembea kwa kuchechemea, na wengine huumwa goti wakati tatizo liko juu. Maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, uso kupinda, maneno kukwama: asiinuliwe. Ukihisi amevunjika, asile wala kunywa, huenda atahitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi.

Kama haumwi popote na akili iko sawa, ajiinue mwenyewe kwa maelekezo. Wewe unaleta viti viwili imara, basi.

Anageukia ubavu. Anajisukuma kwa kiwiko na mkono hadi apige magoti na viganja. Kiti cha kwanza kiwe mbele ya uso wake. Anaweka mikono yote miwili juu ya kikalio. Mguu wenye nguvu anauleta mbele, wayo wote sakafuni, goti la pili bado chini. Anasukuma kwa mikono na mguu huo huku akiinama mbele. Makalio yakiinuka, wewe unasogeza kiti cha pili nyuma yake, anakaa. Apumzike katikati ya kila hatua, hata dakika nzima. Asisimame kutoka kiti hicho kabla hujampima presha au angalau kuona kizunguzungu hakipo.

Magoti yakiwa mabovu, weka mto mnene chini yake. Akishindwa mara mbili, acha, ita msaada. Kumburuta ni kumuumiza na kujivunja mgongo wewe.

Na wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda, warfarin, rivaroxaban, apixaban na wenzake: wakigonga kichwa wanakwenda hospitali siku hiyohiyo hata wakiwa wanacheka. Damu inaweza kuvuja polepole juu ya ubongo. Kwa mzee yeyote, wiki kadhaa baada ya kugonga kichwa, ukiona usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa au upande mmoja kulegea, mkumbusheni daktari lile anguko mlilolisahau.

---

Mdadisi wa Kona (#9)

Na anayeishi peke yake?

---

Nesi wa Usiku (#10)

Huyo adui wake ni muda wa sakafuni. Zaidi ya saa 1 misuli iliyobanwa huanza kuharibika na sumu yake kwenda kwenye figo (mkojo ukiwa mweusi kama chai, hospitali haraka), ngozi inaanza kidonda, mwili unapoa na kukauka. Simu iwe mwilini, mfukoni au shingoni, si mezani. Mpango wa kupigiwa asubuhi na jioni, na mtu mwenye ufunguo wa akiba. Akishindwa kuinuka: ajikokote hadi penye zulia au nguo, ajifunike, abadilishe upande kila baada ya muda mfupi, akaze na kulegeza miguu, agonge kitu chenye sauti badala ya kupiga kelele hadi akaukiwe.

Tena hayo ya kuinuka ayafanyie mazoezi akiwa mzima, juu ya godoro jembamba, mtu akiwepo. Wengi hubaki sakafuni bila jeraha lolote, hawajui tu waanzie wapi.

---

Fundi Bafu (#11)

Mimi ni wa drili na vigae, haya ya presha nawaachia. Naona vishikio vingi vimefungwa kwa mapenzi, si kwa hesabu.

Kishikio cha bafuni kibebe angalau kilo 113, ndicho kiwango wanachotumia Marekani. Unene wa bomba mm 32 hadi 38 ili vidole vizunguke. Likizidi unene huo sana mkono wa mzee wenye maji haukamati. Nafasi kati ya bomba na ukuta mm 38: ikiwa pana sana, mkono unapenya hadi kwenye kiwiko akiteleza na mfupa unakatika. Urefu kutoka sakafuni sm 84 hadi 91, lakini huo ni wa vitabuni. Mkalishe mzee kwenye choo, aonyeshe mkono wake unakwenda wapi wenyewe akitaka kuinuka, weka alama hapo.

Ukuta wa tofali au zege: toboa kigae taratibu bila mtindo wa nyundo hadi upite kigae, ndipo uwashe nyundo. Usitoboe kwenye ukingo wa kigae, kitapasuka. Skrubu au bolti ya chuma kisichoshika kutu iingie kwenye tofali lenyewe. Plasta na kigae havishiki kitu. Tundu liwe na plagi inayobana, na ulijaze silikoni maji yasipenye. Ukuta wa jipsamu hauna cha kushika mpaka uweke ubao nyuma au upate nguzo yake. Ukimaliza, ning'inia wewe mwenyewe kwanza.

Vile vya kunyonya ukutani kwa mpira msivitegemee. Vinaachia bila taarifa, hasa kwenye kigae chenye mikwaruzo au mstari wa saruji. Na bomba la taulo si kishikio. Mzee akiteleza atalikamata hilohilo, kwa hiyo ama ling'olewe ama libadilishwe na kishikio cha kweli.

Kikalio cha choo kiwe sm 43 hadi 48. Kifupi kuliko hapo mapaja dhaifu hayamwinui. Kitanda vilevile: akikaa ukingoni, nyayo zote sakafuni na magoti yamekunja pembe mraba. Kikiwa kirefu anateleza, kikiwa kifupi anarudi nyuma.

Taa: swichi ifikiwe bila kushuka kitandani, na kuwe na taa ndogo ya chini njia nzima hadi chooni. Jicho la miaka 60 linapitisha karibu theluthi ya mwanga unaofika nyuma ya jicho la miaka 20. Kinachoonekana kwako kuwa kimwanga cha kutosha, kwake ni giza. Ukingo wa ngazi upakwe rangi tofauti na ngazi yenyewe, hasa ya kwanza na ya mwisho.

---

Fizio wa Zamu (#12)

Fundi umemaliza upande wako. Narudi kwenye mwili, kwa sababu bafu la dhahabu halisaidii mapaja yaliyokwisha.

Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yaliona mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23 kwa wazee wanaoishi nyumbani. Lakini mazoezi yapi? Yale yanayosumbua mizani ya mwili. Kuinua mikono ukiwa umekaa ni jambo jema kwa mabega, halizuii kuanguka. Kutembea peke yake nako ushahidi wake ni dhaifu, na kumtoa mzee anayeyumba akatembee haraka ni kumwongezea nafasi za kuanguka. Kutembea kunakuja baada ya mizani.

Mpango uliochunguzwa sana ni ule wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Dakika 30 hivi, siku 3 kwa wiki, kutembea siku nyingine 2. Toleo la nyumbani lililo rahisi:

Simama kwenye meza nzito au sinki. Nyanyua visigino mara 10, shusha polepole. Nyanyua vidole mara 10. Kunja magoti kidogo kama anayetaka kukaa, mara 10. Kaa na kusimama mara 5, ikizoeleka 10. Tembea kiubavu hatua 10 kila upande, kisha kinyumenyume hatua 10. Simama kisigino mbele ya vidole sekunde 10. Kwa mapaja, funga kifundoni mfuko wa mchanga wa kilo 1, akae, anyooshe goti mara 10, apumzike, arudie. Hiyo kilo 1 ikiwa rahisi kwa mara 10 mbili, ongeza. Isipoongezwa, misuli haina sababu ya kukua.

Ugumu wa mazoezi ya mizani unaongezwa kwa kupunguza kushika: mikono miwili, mmoja, kidole kimoja, hakuna. Awe kwenye kona ya ukuta na kiti mbele yake, hapo hata akiyumba hana pa kuangukia. Kuyumba kidogo ndiko kazi yenyewe; asipoyumba kabisa, zoezi limekuwa jepesi. Kifua kubana, kizunguzungu au kukosa pumzi hadi asiweze kuongea, asimame.

Chakula nacho: protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, igawanywe kwenye milo yote. Mzee wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Mwenye figo mbovu asiongeze bila daktari wake.

Mafanikio hayaonekani wiki ya pili. Rudieni kile kipimo cha sekunde 30 baada ya wiki 8.

---

Binti Mkubwa (#13)

Kwa mgonjwa wa kusahau, anayeshuka kitandani usiku, tuweke vizuizi vya pembeni?

---

Mzee Kifua Mbele (#14)

Hapo hata mimi nasema weka. Ataanguka vipi kama kuna ukuta?

---

Nesi wa Usiku (#15)

Ataanguka kutoka juu ya ukuta, mzee wangu. Asiyekumbuka kizuizi kipo kwa nini hukipanda, na anguko linaongezeka urefu. Wengine hunasa shingo au kifua kati ya kizuizi na godoro, na wamekufa hivyo. Kumfunga kwa nguo kitandani ni mbaya zaidi.

Kitanda kishushwe hadi chini kabisa wakati wa kulala, godoro jembamba sakafuni upande anaoshukia (liondolewe mchana, linakwaza). Halafu mtafute anachokifuata. Mara nyingi ni mkojo, kwa hiyo apelekwe chooni kabla ya kulala na saa ileile anayozoea kuamka, kabla hajaamka. Kiti chenye ndoo kando ya kitanda kinafuta safari nzima. Miguu ikivimba mchana, ainue miguu saa kadhaa alasiri. Yale maji yatatoka mapema badala ya kutoka usiku wa manane. Mabadiliko ya ghafla ya akili, kuanza kuanguka siku mbili tatu mfululizo, tafuteni maambukizi, choo kigumu kilichoziba, au dawa mpya.

---

Mdadisi wa Kona (#16)

Viatu na miwani mmeviruka. Na mkongojo unashikwa upande gani? Kila mtu ana lake.

---

Fizio wa Zamu (#17)

Mkongojo upande wa mguu MZIMA. Mguu wa kushoto ukiuma, mkono wa kulia. Mkongojo na mguu mbovu vinakwenda pamoja, kisha mguu mzima. Kupanda ngazi, mzima unatangulia. Kushuka, mkongojo na mbovu vinatangulia. Urefu: avae viatu, asimame wima, mikono ining'inie, mpini uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, akiushika kiwiko kinakunja kidogo. Mirefu ndiyo mingi kuliko mifupi, inamsukuma bega juu na haibebi uzito. Fremu ya miguu minne isitumike kujivutia kutoka kitini, inampindukia. Ajisukume kwa mikono ya kiti, akishasimama ndipo aishike.

Viatu: soli nyembamba na ngumu, isiyoteleza, kisigino kifupi chini ya sm 2.5, nyuma pamefunika na kukaza, kifungwe kwa kamba au utepe. Soli nene laini hupendwa kwa starehe lakini mguu hausikii sakafu. Soksi tupu kwenye kigae, hapana. Ndala zinazoburutwa, hapana. Mwenye kisukari mkague nyayo kila siku kwa sababu ganzi humfanya asijue anakanyaga nini, na anayemeza metformin kwa miaka apimwe vitamini B12.

Miwani yenye sehemu mbili au zaidi za kuonea hufifisha ngazi, kwa sababu akitazama chini anachungulia kupitia sehemu ya kusomea. Wanaotoka nje sana wawe na ya pili ya mbali tu. Mtoto wa jicho aondolewe, msingoje "ikomae". Miwani mpya yenye nguvu tofauti sana nayo huangusha wiki za mwanzo, awe makini kwenye ngazi.

---

Fundi Bafu (#18)

Na ile raba ya ncha ya mkongojo. Ikilika mistari yake ikawa laini, au ikipinda upande mmoja, inateleza kwenye kigae chenye maji kuliko mti mtupu. Pima kipenyo cha fimbo kabla ya kununua nyingine, zinauzwa kwa mm. Iliyolegea hubaki sakafuni fimbo ikienda.